Redio inakwaruza kabla ya mvua, nguzo inavuma usiku wa ukungu: nianzie wapi?

"Habari za kazi mtaalamu. Mi ni msimamizi wa wachumaji chai huku Rungwe, nina watu kama 40 shambani kila siku. Nina redio ndogo ya betri, nikiiweka AM nasikia inakwaruza kra, kra, karibu saa nzima kabla mvua haijafika, mbingu bado nyeupe kabisa. Je naweza kuitegemea kuwatoa watu shambani kabla radi haijaanza? Kijiji cha jirani radi iliua ng'ombe watatu chini ya mti na wazee wakasema imetumwa, tangu hapo watu wangu wana hofu. La pili, nyumbani redio hiyohiyo inavuma zzzzz mfululizo usiku kukiwa na ukungu, na kwenye nguzo ya umeme nyuma ya nyumba nimeona cheche za bluu juu kwenye vikombe vinavyoshika waya. Mke wangu ana mimba ya miezi sita, anaogopa mionzi, anataka tuhame. Jirani anasema redio yenyewe ndiyo inavuta umeme. Naomba nielewe."

Ugonile kaka, na shemeji mpe pole sana. Umeuliza kuhusu watu 40 na kuhusu mama mwenye mimba kwa pumzi moja kwahiyo nitakujibu yote, vumilia urefu. Kwanza ujue kwamba hiyo kra na hiyo zzzzz ni ndugu, zote ni umeme unaoruka hewani na redio yako inaunasa, ila moja inakuambia uangalie mbingu na nyingine inakuambia kesho asubuhi uende ofisi ya umeme, na hiyo ya pili naiona ya haraka kuliko unavyofikiri.

Nianze na jirani. Redio haivuti radi. Redio ni sikio, inapokea kilichokwisha kutokea, na ukisikia kra ujue cheche yake imeshapiga na kuisha kabla sauti haijafika kwenye spika. Simu nayo ni hivohivo, haivuti. Ila jirani ana kipande cha ukweli na usimdharau: mtu akifunga waya mrefu wa antena juu ya mwanzi nje ya nyumba akauingiza ndani kwenye redio, au redio ikawa imechomekwa ukutani, radi ikipiga karibu umeme unaweza kufuata ule waya mpaka sebuleni. Tatizo hapo ni waya. Redio ya betri iliyokaa mezani haina shida, na vile vilivyochomekwa ukutani uvichomoe kabla radi haijafika, ikishafika juu yako usiguse plagi tena.

Sasa hii cheche inatoaje mawimbi. Hewa ya kawaida haipitishi umeme lakini ukiisukuma kwa volti nyingi inashindwa, usawa wa bahari inashindwa kwenye volti 3,000 hivi kwa kila milimita, na huku kwetu juu inashindwa mapema kidogo kwa sababu hewa ni nyepesi (Mbeya mjini tuko kama mita 1,700, ndio maana mitambo ya umeme mkubwa iliyopimwa kwa mwinuko wa hadi mita 1,000 ikiletwa huku nafasi kati ya waya na chuma inabidi iongezwe). Hewa ikishindwa elektroni, zile chembe ndogo sana za umeme, zinang'oka, zinagonga molekuli nyingine, zinang'oa nyingine tena, mara njia imeshafunguka na umeme unapita kwa kishindo. Na kitu kinachotoa mawimbi ni hiyo ghafla yenyewe, umeme unaoanza ghafla na kukatika ghafla unatikisa nguvu ya umeme na sumaku iliyouzunguka, mtikiso unasambaa pande zote kwa mwendo wa kilomita 300,000 kwa sekunde, ukipita kwenye redio yako unasikia kra.

Usiniamini tu, jaribu leo jioni. Chukua kile kiwashio cha jiko la gesi, kile cha kubonyeza kinachotoa cheche, weka redio AM sehemu ambayo haina stesheni, fungua sauti, bonyeza kiwashio mita moja kutoka kwenye redio. Utasikia tak. Bonyeza tena, tak. Hiyo cheche haizidi nusu sentimita lakini redio imeisikia vizuri kabisa. Alafu subiri bodaboda ipite barabarani, nyingi zinasikika trrrrr ikikaribia na kupotea, hiyo ni plagi ya injini inaruka cheche kila mzunguko. Watoto wa shule nikiwaonyesha hii ya kiwashio huwa wanainyang'anyana, kila mtu anataka kubonyeza, na mi naamini dakika tano za hivo zinamfundisha mtoto kuliko ubao mzima wa maelezo.

Kwa nini AM na sio FM? Piga bati kwa mwiko wa mti, halafu piga mluzi. Mluzi una sauti moja, bati lina sauti zote kwa pamoja, nene na nyembamba. Cheche ni kama bati, inatoa masafa yote, yani kasi zote za mtikiso, kwa mpigo mmoja, ila ya radi nguvu yake kubwa iko chini kabisa, kama kilohezi 5 mpaka 10 (mitikiso elfu 5 mpaka 10 kwa sekunde), na kadiri unavyopanda inapungua. AM inaanzia kilohezi 530 hivi, bado kuna nguvu ya kutosha. FM iko juu sana, megahezi 88 kwenda mbele, nguvu imebaki kidogo, na tena redio ya FM imetengenezwa ipuuze mabadiliko ya ukubwa wa wimbi, kitu ambacho ndicho hasa kra ilicho. Kwahiyo redio ya kwenye simu haikusaidii kwa hili, tunza hiyo yako ya betri.

Na ujue unachofanya hapo shambani kina historia nzito. Heinrich Hertz kule Karlsruhe Ujerumani, miaka ya 1886 mpaka 1888, alirusha cheche upande mmoja wa chumba akaweka pete ya waya yenye mwanya mdogo sana upande wa pili, akaona kwenye ule mwanya vicheche vidogo vinaruka bila waya wowote kuunganisha, yani alikuwa anaangalia gizani mwanya ambao unahitaji macho makali. Miaka michache baadaye, Mei 1895, Alexander Popov wa Urusi akaonyesha kifaa chenye unga wa chuma ndani ya kichupa cha kioo, wimbi la radi likipita unga unashikana na kupitisha umeme, kengele inalia, na nyundo ya kengele inagonga kichupa unga uachane usubiri radi nyingine. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kutambua radi, kabla watu hawajaanza kutumiana habari kwa njia hiyo. Kwahiyo redio ilianza kazi kwa kusikiliza mvua inayokuja, na wewe umeirudisha kwenye kazi yake ya kwanza.

Radi yenyewe sasa. Ile inayopiga chini kwa kawaida inabeba ampia kama 30,000, wakati birika lako la umeme ni kama 10 hivi, na njia yake ni kilomita kadhaa kwenda juu, kwahiyo hebu fikiria antena ya kilomita kadhaa imesimamishwa angani inasukumwa umeme wa hivo. Mara nyingi haipigi mara moja, inarudia njia ileile mara tatu nne zikiwa zimepishana sehemu ndogo ya sekunde, ndio maana mwanga unatetemeka na ukisikiliza vizuri kra yake ni kra-ra-ra. Na radi nyingi haziji chini, zinaruka ndani ya wingu, na mara nyingi hizo za ndani ya wingu ndizo zinazotangulia kabla ya ile ya kwanza kugusa ardhi. Hapo ndipo redio yako ina thamani, wewe unaona mbingu nyeupe lakini upande wa Ziwa Nyasa au nyuma ya mlima Rungwe kuna wingu limeshaanza kufanya kazi.

Je uitegemee? Kama kengele ya kukuamsha, ndio, itegemee. Kama kipimo cha kusema radi iko mbali au karibu, hapana, na naomba hapa unielewe vizuri kwa sababu ni maisha ya watu. Redio ina kitu ndani kinachojirekebisha chenyewe, ikishika stesheni yenye nguvu inapunguza usikivu, ikikosa stesheni inaongeza, kwahiyo radi ileile inaweza kusikika kubwa au ndogo kutegemea ulipoiweka. Iweke kila siku sehemu moja isiyo na stesheni, upande wa namba ndogo za AM, sauti iache palepale, usiiguse. Alafu radi kubwa ya mbali na ndogo ya karibu zinaweza kusikika sawa kabisa. Na usiku ndio inadanganya zaidi: mchana tabaka moja la juu angani linameza mawimbi ya AM yanayopanda, usiku tabaka hilo linafifia na mawimbi yanarudishwa chini kutoka mbali, kwahiyo usiku utasikia kra za Kongo au Zambia huku nyota zinawaka juu ya Tukuyu. Mchana kra nyingi mara nyingi zinatoka makumi ya kilomita, au mia na kitu.

Unachotakiwa kuangalia ni mwenendo. Kuanzia Novemba mvua zikianza mpaka zinapoisha mwezi wa nne wa tano, saa sita mchana washa redio, hesabu kra kwa dakika moja, andika kwenye daftari. Rudia kila robo saa. Ukiona zilikuwa tatu, zikawa nane, zikawa ishirini na zinazidi ukali, hapo usisubiri wingu, anza kuita watu. Baada ya wiki chache daftari lako litakuwa linajua shamba lako kuliko mimi.

Alafu kuna macho na masikio, hayo ndiyo yenye neno la mwisho. Mwanga unafika papo hapo, ngurumo inatembea kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Ukiona mwanga hesabu taratibu, sekunde thelathini ni kilomita kumi, na kilomita kumi inatosha radi inayofuata kukupiga wewe. Kwa kweli ngurumo haisikiki mbali zaidi ya kilomita kumi na tano hivi, kwahiyo ukishaisikia tu, hata kwa mbali, tayari mko ndani ya eneo lake. Watu watoke, na wasirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, hata kama jua limetoka na wenye kilo pungufu wanalalamika.

Wanatoka waende wapi? Hili hukuuliza lakini ndilo linaloua. Lile banda la kupimia majani, lenye nguzo nne na bati juu na pembeni wazi, linazuia mvua tu, radi halizuii. Watu wakijazana pale wameegemea nguzo na mizani ya chuma imening'inia katikati, nakwambia ni moja ya sehemu mbaya kabisa shambani. Sehemu nzuri ni nyumba yenye kuta na nyaya za umeme na mabomba, au ndani ya gari lenye paa la chuma, vioo juu, mikono mapajani. Kabini ya lori inachukua watatu wanne, sio arobaini, kwahiyo hesabu muda: kama kutoka mstari wa mwisho wa chai mpaka kwenye nyumba ya kweli ni dakika ishirini kwa miguu, basi uamuzi wako lazima uwe dakika ishirini mapema, na hapo ndipo redio inakulipa. Ongea na uongozi wa shamba kuhusu jengo la karibu, hilo ni jambo la kudai bila aibu. Mikaratusi msikae chini yake. Kama mmekutwa wazi kabisa, tawanyikeni, kila mtu mbali na mwenzake, achuchumae miguu ikiwa imebanana, asilale.

Kuna kifaa kidogo cha kununua, AS3935, kinasikiliza kilohezi 500 na kukisia umbali wa radi mpaka kilomita 40, unakiunganisha na kompyuta ndogo kinapiga kengele. Ni kizuri ila lazima uagize, umpate kijana anayejua kuunga, na kinachanganywa na mota, taa na chaja za simu. Mi nisingekushauri uanze nacho. Fuata tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa kwenye redio kila siku, na ujue kuna satelaiti ya Ulaya iliyorushwa Desemba 2022 ambayo inatazama Afrika nzima muda wote na kunasa mwanga wa radi kutoka juu, kwahiyo taarifa hizi zitaendelea kuboreka.

Kuhusu ng'ombe na maneno ya kutumwa, naelewa hofu, nimekulia hukuhuku. Ng'ombe watatu chini ya mti mmoja inaelezeka. Mti mrefu ukipigwa umeme unasambaa ardhini kuanzia kwenye shina, na ardhi karibu na shina ina volti kubwa kuliko ya mbali kidogo. Ng'ombe miguu ya mbele na ya nyuma imeachana mita moja na nusu, kwahiyo umeme unapanda huku unashukia kule, na unapita kifuani kwenye moyo. Ndio maana wanaanguka wengi na mtu aliyesimama miguu pamoja palepale anaweza kupona. Waambie watu wako pia kwamba duniani kunapiga radi zaidi ya 40 kila sekunde moja, usiku na mchana, nyingi juu ya misitu na bahari ambako hakuna mtu wala adui wa mtu. Yule bibi au jirani anayenyooshewa kidole hana hatia, na kunyoosha kidole kumeharibu familia nyingi huku. Na kitu kimoja cha kuwafundisha hata kesho: mtu aliyepigwa na radi hana umeme mwilini, mguse. Wengi hufa kwa sababu moyo au pumzi vimesimama na watu wamemzunguka wanaogopa. Kama hapumui anza kukandamiza kifua katikati, kwa nguvu, haraka, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, mwingine aite gari la hospitali, usiache mpaka msaada ufike.

Sasa nguzo yako.

Umeme wa kwenye nyaya unapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, kila kilele cha juu na kila kilele cha chini cheche inaruka, kwahiyo zinakuwa 100 kwa sekunde. Sikio haliwezi kuzitenganisha, linasikia zzzzz. Hiyo ndiyo alama yake, radi inakuja moja moja bila mpangilio, nguzo inavuma mfululizo kama nyuki.

Kwa nini ukungu? Vumbi la barabara na moshi vinakaa juu ya vikombe kiangazi kizima, na vumbi kavu halina neno. Ukungu ukija vumbi linalowa, linapitisha umeme kidogo, umeme huo unalipasha moto, sehemu moja inakauka kwanza, na kwenye ule ukanda uliokauka cheche inaruka kutoka upande mbichi kwenda upande mbichi. Hizo ndizo bluu ulizoziona. Mvua kubwa ikinyesha inaosha vikombe na kelele inatulia siku kadhaa, hebu kumbuka kama kwako inakuwa hivo. Kama ingekuwa kinyume, yani inavuma jua kali na kunyamaza ikilowa, ningesema ni nati au waya wa kufungia umelegea. Kwako nashuku uchafu au kikombe kimepasuka. Na hapa ndipo nilisema ni haraka: ule umeme mdogo unaovuja ukipita mahali chuma kinapogusana na mti unaweza kuuchoma taratibu, na nguzo zetu nyingi ni za mti, hizi za kutoka Mufindi. Nguzo inaweza kushika moto juu usiku wa ukungu, ikakatika, waya wenye umeme ukalala uani kwako.

Kabla hujaenda ofisini, hakikisha sio nyumba yako. Usiku inavuma, redio ikiwa kwenye betri, zima swichi kuu. Ikinyamaza basi ni chaja ya simu, taa ya bei rahisi au inveta ya sola, ichomoe moja moja umjue mwenyewe. Ikiendelea ni nje. Mimi mwaka fulani hapa Uyole nilikuwa na mvumo kama wako, nikatoka na redio mkononi saa tatu usiku, nikawa naigeuza polepole. Ndani ya redio ya AM kuna kijiti cheusi kimezungushiwa waya mwembamba, kijiti hicho kikielekezwa ncha kwenye cheche redio inafifia, kikilazwa ubavu inapiga kelele. Nikafuata kule ncha inakofifia, nguzo ya kwanza, ya pili, nikapandisha namba za AM kwenda juu ambako kelele za mbali zinapotea na ya karibu inabaki, nguzo ya nne redio ikaanza kutetemeka mkononi. Nikanyanyua macho, juu pale kwenye kikombe cha katikati kuna kitu kama uzi wa bluu unatambaa unazima unatambaa, unasikia hata kwa sikio tupu, tsss, na kuna kaharufu kakali kama ka mashine ya fotokopi. Niliandika namba ya nguzo kwa kalamu kwenye kiganja. Ila kaka, tembea barabarani tu, usiguse nguzo, usiguse ile waya ya kuishikilia inayoshuka mpaka chini, usitupe jiwe wala kunyoosha mti juu.

Shemeji sasa, na hii msomee mwenyewe. Neno mionzi linatisha kwa sababu linabeba vitu viwili tofauti. Kuna mionzi yenye nguvu ya kuvunja chembe za mwili, ya eksirei na ya nyuklia, hiyo ndiyo ya kuogopa mtoto akiwa tumboni. Na kuna mawimbi ya redio, ambayo hayana nguvu hiyo, hata yakiwa mengi kinachofanyika ni joto, na yale ya kikombe kichafu ni madogo kiasi kwamba unahitaji redio ndiyo ujue yapo. Stesheni ya redio inayotangaza inatoa mengi zaidi na tunaishi nayo. Ili niwe mkweli kabisa, radi yenyewe imepimwa kutoa eksirei, vipimo vimeonekana tangu mwaka 2001, lakini hewa inazimeza haraka, na aliye karibu kiasi cha kuzipata tatizo lake ni umeme wa radi. Cheche pia zinatoa mwanga usioonekana unaounguza macho, muulize fundi wa kuchomelea pale Mwanjelwa aliyefanya kazi bila kioo, usiku macho yanawasha kama yametiwa mchanga. Ila ule ni moto wa kuchomelea, uko nusu mita kutoka usoni, umeme wake mwingi. Uzi wa bluu mita kumi juu haumfikishii shemeji kitu cha kumdhuru.

Kwahiyo msihame kwa ajili ya mionzi. Lakini mpaka nguzo itengenezwe msilale chumba kilicho chini ya waya, watoto wasicheze upande ule, nguo msianike kule. Ukiona moshi au moto juu ya nguzo, au waya umeshuka, kaeni mbali mita kumi au zaidi, zuia watu, piga simu ofisi ya umeme usiku huohuo. Na shemeji akirushwa na umeme wowote, hata kidogo, hata akijisikia mzima, aende hospitali siku hiyohiyo mtoto asikilizwe mapigo. Kama hajarushwa, kliniki yake ya kawaida inatosha, aendelee nayo.

Kesho asubuhi nenda ofisi ya TANESCO ya wilaya mwenyewe, usitume mtu. Ukisema redio inakoroma utaambiwa subiri. Sema hivi: kuna cheche juu ya vikombe usiku wa ukungu, nguzo ya mti, namba hii, nyumba iko chini ya laini, na ndani kuna mama mjamzito. Kama umepata video ya usiku ya simu, hata yenye giza, waonyeshe. Omba namba ya taarifa uiandike. Wakishapanda na kubadilisha kikombe au kuosha, subiri usiku wa ukungu kama uleule, zima swichi kuu, washa redio palepale ulipokuwa unaiweka. Kama zzzzz imeondoka na umebaki na ukimya ambao ndani yake zinapita kra moja moja za mbali, fundi amemaliza kazi, na hapo hata redio ya shambani itakuwa inasikia radi vizuri zaidi ukiwa nyumbani.